Jivu Laini la Mama Manka

Ujumbe wa Manka ulikuwa na maneno manne tu: "Mama ametutoka. Njoo, dada." Niliusoma nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa ninakofanya kazi, hapa mtaa wa Soweto, Moshi mjini, mkononi nikiwa na kitambaa cha kufutia mizani. Nikaendelea kufuta. Nilifuta sahani ya mizani, nikafuta chini yake, nikafuta vitufe, hadi mteja aliyekuwa akisubiri dawa ya minyoo akaniambia, "Dada, hiyo si imeshatakata?" Ndipo nilipogundua kwamba silii. Nilikuwa nimekwama kwenye neno moja, neno la jikoni ambalo kila mtu analijua, nami nimelikwepa kwa zaidi ya miaka kumi: kusuuza. Kwa sababu ya neno hilo Mama Manka, mwenye nyumba wangu wa zamani, alipika ndani ya moshi maisha yake yote yaliyobaki. Sisemi kwamba nilimuua. Hospitali walisema ni mapafu, na mapafu yale yalianza kuchoka kabla sijamjua. Ninachosema ni kwamba ulikuwepo mwaka mmoja ambapo jiko lake lingeweza kubadilika, na jambo hilo lilipita mikononi mwangu, na mikono yangu ilikuwa safi mno.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Ulikuwa wakati ambao kila kitu kilikuwa kimefunguliwa: mitumba imejaa sokoni, magari yaliyochoka huko yalikotoka yanapanda mlima yakikohoa moshi mweusi, wanunuzi binafsi wa kahawa wanafika hadi mlangoni na mizani zao. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama za aibu, lakini kwenye rundo la vitabu chakavu kule Majengo niliokota kitabu cha fizikia kisicho na jalada, cha Kiingereza, nikakisoma kwa kamusi ukurasa hadi ukurasa. Nilikariri hata maneno yaliyoandikwa chini ya michoro. Sikuwa na mwalimu wa kuniambia lipi ni kubwa na lipi ni dogo, kwa hiyo kwangu yote yalikuwa makubwa. Hadi leo naamini huo ndio ugonjwa wa mtu aliyejifundisha mwenyewe: hajui mahali pa kulegeza. Nikiandika barua na herufi moja ikaegemea, niliianza upya. Nikifunga mlango nilirudi kuujaribu mara tatu. Watu waliniita mwangalifu, nami nilikubali jina hilo kwa sababu lilikuwa zuri kuliko woga.

Dokta Bahati alikuja kutoka Dar es Salaam kutafuta mtu wa kutunza kituo cha kupimia hewa mlimani, upande wa Kibosho. Tulikutana kwenye bohari ya kahawa ambayo pampu yake ingefungwa juu ya paa. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote zinavuja. Akaniuliza kama najua protoni ni nini. Nikasimama wima kama niko mbele ya mkaguzi, nikamwaga ukurasa mzima pamoja na namba ya mchoro. Dokta alicheka mpaka akashika nguzo. "Binti, nani kakuharibu hivi?" akasema. "Haya, kazi ni yako." Kituo kingine kilikuwa mjini, Majengo, juu ya nyumba ya kupanga, na kilitunzwa na fundi umeme mmoja mzee aliyeitwa Fundi Shabani. Hewa ya mjini na hewa ya mlimani zingepimwa kwa mwaka mmoja, kisha zilinganishwe.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Pampu inavuta hewa kupitia filta, karatasi nyembamba ya plastiki iliyo pana kama kifuniko cha chupa ya chai, iliyobanwa ndani ya kishikio cha duara chenye wavu mdogo. Vumbi na masizi ambayo jicho haliwezi kuyaona yananasa hapo. Kila siku nilibadili karatasi, nikaandika saa ambazo pampu imefanya kazi, nikaifungia kwenye kisahani chake. Baada ya miezi kadhaa zote zingepelekwa Ulaya, kwenye maabara yenye mashine ya kuharakisha protoni, kwa sababu hapa kwetu mashine hiyo haikuwepo na huko nako ina foleni. Siku ya kunitambulisha kwa Mama Manka, ambaye nyumbani kwake ndiko nilikopewa chumba, Dokta alikaa kwenye kigoda jikoni, bakuli la mtori mkononi, machozi ya moshi yakimtoka, akamweleza mashine hiyo kwa namna ambayo sijasikia mtu mwingine akiieleza vizuri zaidi. "Mama, wewe ukifumba macho, mtu akakugongea vyombo vyako hivi, utavijua?" "Nitakosaje kuvijua?" akasema Mama Manka. "Sufuria ina mlio wake. Chungu kina wake. Kile kikombe cha bati nacho hata nikiwa nimelala nakijua." "Basi mashine inafanya hivyohivyo. Inaigonga karatasi kwa mwale wa protoni. Kila elementi iliyomo inajibu kwa mwale wake, haufanani na wa mwenzake. Chuma kinajibu, salfa inajibu, risasi ya kwenye petroli inajibu. Na potasiamu ikijibu kwa sauti kubwa, tunajua huu ni moshi wa kuni." Mama Manka alifikiri, akageuza ndizi motoni. "Kwa hiyo wanazigonga, zinasema." "Ndiyo, zinasema." Tangu siku hiyo, kila Dokta alipopita na kila nilipotoka kuchukua barua mjini, swali lake lilikuwa moja: "Karatasi zimesemaje?"

Aliuliza kwa sababu kulikuwa na ahadi. Dokta alisema palepale, mbele yangu, kwamba potasiamu ya mlimani ikionekana wazi, awamu ya pili ya kazi itaingia ndani ya majiko. Watapima moshi wa kila nyumba, na nyumba chache za mwanzo zitajengewa majiko yenye bomba la kutolea moshi, ili waone tofauti. Ya kwanza itakuwa hii. Mama Manka alikuwa anakohoa hata wakati huo. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha adabu, anageuza uso na kuziba mdomo kwa ncha ya kanga kama mtu anayeficha kicheko. Manka, binti yake wa darasa la saba, alijua kukihesabu bila kujua kwamba anahesabu. Kikizidi mara tano alikuwa anainuka na kumletea maji.

Jiko lile ninalikumbuka kuliko chumba changu. Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji, picha ya Bikira Maria, magunia mawili ya kahawa na dirisha linalotazama migomba. Kilikuwa chumba kizuri na sikukipenda, kwa sababu humo nilikuwa peke yangu na wasiwasi wangu. Jiko lilikuwa la mbao na udongo, peke yake nyuma ya nyumba, mafiga matatu katikati, na juu yake dari ya fito iliyobeba mahindi. Kuta zilimeta kwa masizi kama zimepakwa rangi ya mafuta. Jioni tulikaa humo na kiburu kwenye sufuria moja, ndizi na maharage yamepondwa pamoja, na moshi ukielea usawa wa vichwa, hivyo mgeni alijifunza upesi kuongea akiwa ameinama. Mara moja niliuliza kwa nini wasitoboe ukuta kwa juu. Mama Manka alinitazama kama nimeuliza kwa nini wasiondoe paa. "Na mahindi? Skania, wale dumuzi wa mahindi, wakiingia humo watabakiza unga mtupu. Moshi ndio mlinzi wangu, mwanangu. Hao wataalamu wakisema ni mbaya, watanionyesha na namna ya kuyalinda mahindi. Tusubiri karatasi." Nami nikasema ndiyo, tusubiri karatasi. Hili ndilo linalonirudia zaidi. Macho yangu yalikuwa yananiwasha kila jioni, na mimi nilikuwa nasubiri mashine ya Ulaya inithibitishie.

Sasa nifike kwenye neno lile. Dokta aliniachia maelekezo ya kurasa mbili kwa Kiingereza. Niliyatafsiri yote kwenye daftari, kwa wino wa bluu, nikapigia mistari kwa rula. Kuhusu vishikio, sentensi ilikuwa fupi: kila baada ya matumizi, visuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa. Maji hayo niliyajua, ni maji ya betri, yaliuzwa kwenye vituo vya mafuta mjini. Neno nililitafuta kwenye kamusi nikalikuta: suuza. Ninaomba msomaji aliyewahi kuosha vyombo anielewe. Kusuuza ni hatua ya mwisho. Unasugua, kisha unasuuza. Hakuna mtu aliyelelewa katika nchi hii anayechukua sufuria yenye masizi, akaipitishia maji tu, akaiita safi. Akifanya hivyo mbele ya mama yake atajuta. Kwa hiyo nilipoona maelekezo yanasema suuza, sikuona kwamba yamekataza kusugua. Niliona kwamba mwandishi hakuona haja ya kuandika kitu kinachojulikana na kila mtu. Nikajisifu moyoni kwamba nimeelewa hata kile kisichoandikwa.

Sabuni niliiogopa, kwa kuwa kitabu changu kilisema ina sodiamu. Nilijaribu kusugua kwa kitambaa kikavu, masizi ya kwenye wavu hayakutoka. Mama Manka alinikuta uani nikihangaika, kishikio nimekiinua juani, nakitazama kwa jicho moja. "Unakitafuta nini humo, chawa?" "Bado kina weusi, mama." Akakichukua, akakigeuza mara mbili. "Hiki si cha kitambaa. Hiki ni cha jivu." Akaenda jikoni akarudi na jivu la maganda ya ndizi mkononi, jeupe, na ncha ya jani la mgomba. Alisugua mara tatu akamimina maji. Kishikio kiling'aa kama kimetoka kiwandani leo. Nilitaka kulia kwa furaha. "Ila hili ni la sufuria," akasema, "lina punje. Vyombo vyako ni vya wataalamu. Nitakutengenezea laini." Jumamosi ile akachoma maganda peke yake, bila kuni, akalichekecha jivu kwa kitambaa cha kanga kuukuu, akalichekecha tena, akalijaza kwenye kopo la kakao lenye kifuniko. Wanawake wa jirani waliokuwa wamekuja kumenya ndizi walimcheka. "Mama Manka, siku hizi unapika poda?" "Ni la karatasi za Ulaya hili," akawajibu, shingo imenyooka. "Mnafikiri kule wanapokea uchafu?" Mmoja akanigeukia. "Na wewe binti, unayesugua mpaka kivuli chako, mume utampata wapi? Utamsugua aishe." Wakacheka wote, na mimi nilicheka, na Mama Manka alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Kila Jumamosi baada ya hapo kopo lilijazwa upya. Hakukosa hata moja.

Kila mwezi nilishuka mjini kumpelekea Fundi Shabani karatasi mpya zilizokuja kwa basi. Yeye alikuwa kinyume changu katika kila jambo. Daftari lake lilikuwa na madoa ya chai, kisahani kimoja alikitumia kuwekea skrubu. Akaniuliza mara moja, huku akitafuna kashata, navifanyaje vishikio vyangu viwake vile. Nikamwambia nasugua. "Mimi nachovya kwenye maji ya betri, natikisa, basi," akasema. "Karatasi imeandika suuza." "Bila kusugua, babu?" Nilisema kwa dharau, naungama. Akanitazama juu ya miwani yake. "Mjukuu wangu, wewe umetumwa kutafuta moshi, tena Moshi. Hukutumwa kupiga deki. Utavikwangua hivyo mpaka vitoboke." Nilipanda mlima siku ile nikimhurumia. Niliwaza namna matokeo yake yatakavyokuwa aibu, na namna Dokta atakavyoyaweka yangu juu ya meza na kusema, hivi ndivyo kazi inavyofanywa.

Kulikuwa na kosa la pili, lililozaliwa na lile la kwanza, nalo linanichoma zaidi kwa sababu lingeweza kuniokoa. Maelekezo yalitaka mara moja kwa mwezi niweke karatasi moja ndani ya kishikio bila kuwasha pampu, kisha niitoe na kuipeleka pamoja na nyingine. Ilikuwa karatasi ya shahidi: kama kishikio kina uchafu wake, shahidi atausema. Mimi sikupenda kuichafua karatasi nzuri kwa kuiingiza popote. Nilifikiri shahidi anapaswa kuwa safi kuliko wote. Nikawa naitoa kwenye boksi moja kwa moja, kwa koleo ndogo, naifungia kwenye kisahani, nashusha pumzi. Mashahidi wangu walikuwa weupe kabisa. Hawakuwa wameona chochote.

Umeme nao ulikuwa wa mgao. Siku nyingine pampu ilifanya kazi mchana kutwa na usiku kucha, siku nyingine saa mbili tu. Nilikuwa nakaa chini ya bohari nikiisikiliza, na ikikatika nilihisi kama pumzi ni yangu. Niliandika kila kitu: ilizimwa saa ngapi, ikawaka saa ngapi, mpaka dakika. Nilifikiri daftari lile ni fahari yangu. Kumbe nilikuwa naandika ushahidi wa kunihukumu.

Dokta alirudi mwisho wa mwaka, wakati kahawa inaanikwa na uwanja wote wa bohari unanuka utamu uliochacha. Alikuwa na kabrasha moja. Hakutania. Aliniketisha juu ya gunia, akatandaza karatasi mbili za matokeo, moja ya Majengo, moja ya Kibosho. Ya Majengo ilipanda na kushuka kama mtu anayepumua: risasi inapanda siku za soko, vumbi linapanda kiangazi, potasiamu inapanda jioni za baridi. Ya kwangu ilikuwa na potasiamu nyingi kuliko yoyote aliyowahi kuiona. Moyo wangu uliruka. Nilidhani tumeshinda. Kisha akaweka kidole. "Hii ni siku ambayo pampu ilifanya kazi saa ishirini na nne. Hii ni ya saa mbili. Umeandika mwenyewe." Nikatazama. Potasiamu ilikuwa ileile. Kalsiamu ileile. Hewa ya saa mbili na hewa ya siku nzima zilikuwa zimesema neno moja. "Hewa haiwezi kufanya hivyo," akasema taratibu. "Kuna kitu kinachoingia kila mara kwa kipimo chake, hata kama pampu imelala. Mwanangu, vishikio unavioshea nini?"

Nilijua kabla sijajibu. Jivu la maganda ya ndizi. Niliwahi kusoma kwenye kitabu changu mwenyewe, chini ya mchoro, kwamba potasiamu ilitolewa kwanza kwenye majivu ya mimea. Nilikuwa nimelikariri. "Jivu," nikasema. Dokta alifumba macho. Hakunigombeza, na ningempa chochote anigombeze. Alisema tu, kama anajiambia, "Jicho linaona kimetakata. Protoni haina jicho." Nikamuuliza kama wanaweza kutoa, kupunguza, kukadiria. Alisema kwa elementi nyingine labda, lakini potasiamu ndiyo ilikuwa swali lenyewe, na shahidi wangu hakuwahi kuingia ndani. Zamu ya mashine ilikuwa imekwisha. Watu waliokuwa wanafadhili wangeendelea na mkoa mwingine ambako kituo kilikuwa na matokeo ya kueleweka. Matokeo ya Fundi Shabani yalipokelewa yote. "Na majiko?" nikauliza. Dokta akaanza kukusanya karatasi. "Siwezi kuomba majiko kwa potasiamu ya jivu," akasema.

Alinitaka nimweleze Mama Manka mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa naye. Nikaahidi. Mpakani mwa kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kulikuwa na safu ya sale, ile mimea yenye majani marefu ambayo huku mlimani inaheshimiwa: ukimkosea mtu, ukamwendea na jani la sale, amani inaombwa kwa jani lenyewe kabla hujafungua mdomo, na si rahisi mtu kukukatalia. Mimi si Mchaga, lakini nilikuwa nimeona ikifanywa. Nikachuma jani moja. Nikalifunga fundo kama nilivyoona wakilifunga, nikalifungua, nikalifunga tena kwa sababu lilikaa upande. Nilisimama pale nikilifunga na kulifungua mpaka likachanika, nikachuma jingine. Nilipofika uani nimelificha nyuma ya sketi, Mama Manka alikuwa anatoka jikoni, macho mekundu, kopo la kakao mkononi. Ilikuwa Jumamosi. "Umekuja wakati mzuri," akasema. "La leo limetoka laini kuliko yote. Shika uone." Akanishika kiganja, akanimiminia kidogo. Lilikuwa bado na joto. "Dokta kasemaje? Karatasi zimesemaje?" Nilikuwa na jivu mkono mmoja na sale mkono mwingine. Ningemwambia nini? Kwamba mkono wake, uliofanya wema kila Jumamosi kwa mwaka mzima, ndio ulioziba bomba lake mwenyewe? Nikasema, "Bado, mama." Akasema, "Haya, tutasubiri. Ulaya ni mbali." Jani nililitupa chooni.

Nilikaa wiki mbili zaidi. Niliendelea kusugua vishikio vya pampu ambayo imeshashushwa paani, ili asiulize. Wakati huo hata sikumwambia, basi angalau toboa ukuta. Nilihisi sina tena haki ya kusema neno lolote kuhusu moshi. Jioni ya mwisho tulikula machalari, ndizi za kupikwa na nyama, Manka alihesabu kikohozi, akainuka kuchota maji. Baadaye kila nilipomtembelea, Krismasi au Pasaka, nilimkuta jikoni akiwa amekunjamana zaidi, sauti imekwaruza zaidi, na kila mara baada ya shikamoo na marahaba aliuliza. Bado, mama. Nilisema bado kwa miaka kumi na zaidi. Mwishoni nikapunguza kwenda.

Tulimzika juzi kwenye kihamba chake, karibu na ile safu ya sale. Baada ya watu kula, nilienda jikoni kusaidia kuosha vyombo, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kuomboleza. Jiko lilikuwa lilelile. Dari ileile, masizi yaleyale, ila sasa yamekuwa mazito na yananing'inia kama nyuzi. Manka alikuwa humo peke yake. Ni mama wa watoto wawili sasa, anauza mitumba mjini, na ana kikohozi chake kidogo anachokigeuzia pembeni. Akaniuliza bila kuniangalia, "Hivi dada, zile karatasi zilisemaje mwishowe? Mama aliondoka na swali lake."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kusuuza, jivu, shahidi, saa mbili na saa ishirini na nne, bomba ambalo lingejengwa palepale tulipokuwa tumesimama. Sikuacha kitu. Alinisikiliza huku maji yakichuruzika kutoka kwenye sufuria aliyoishika. Nilitegemea alie, au anifukuze. Badala yake aliweka sufuria chini, akaenda kuchungulia mlangoni kama kuna mtu.

"Usimwambie mtu," akasema. "Hata shangazi zangu. Mama alijivunia lile jivu."

Akapanda kigoda, akapapasa juu ya dari, kati ya mahindi, akashuka na kopo la kakao. Kifuniko kilikuwa kimeshika masizi. "Alikuwa analijaza bado. Si kila Jumamosi, lakini ukikaribia msimu wa sikukuu. Anasema, yule binti wa karatasi akija asikute sina." Akalifuta kwa upindo wa kanga, akanipa. Nikasema aika, asante ya kwao.

Leo Jumapili nimelifungua, hapa chumbani kwangu. Nimechovya kidole, nikakipeleka dirishani penye mwanga, nikatafuta punje ya mkaa, chembe ya mchanga, chochote. Hakuna. Alikuwa amelichekecha mara mbili.